Mstari wa Tatu

...hapana, si nane, ni tatu, namba ya mwisho ni tatu, fundi wa maabara nimefanya naye kazi miaka kumi na tisa na sijawahi kumwona akiandika nane isiyofungwa, kwa hiyo ni mia nne sabini na tatu, na chini yake, kwa kalamu ileile nyekundu, mwanamke, miaka sabini na moja, mkojo, wodi ya pili, nami nimesimama mbele ya darasa nimeinua sahani ya maabara juu ili wa nyuma waone, tabasamu langu la kufundishia bado liko usoni, nalisikia limekauka kama tope, kwa sababu mia nne sabini na tatu ni namba niliyoibandika kwa mkono wangu Jumatatu asubuhi kwenye kichupa cha mkojo wa mama yangu mzazi, na leo ni Alhamisi, na majibu sijaletewa, eti nayapata hapa, mbele ya wanafunzi thelathini na wawili... "Mwalimu, ishushe kidogo, taa inatumulika," anasema mmoja, naishusha, naiweka mezani na kujidai napangusa miwani, jamani, na ni mimi niliyeomba, jana mchana nilipita maabara nikamgongea fundi dirishani nikamwambia nitafutie sahani moja ya kufundishia, lakini nataka mbaya, mbaya kabisa, ya kuwatia adabu, akacheka, akasema Mama Dozi wewe, hutaki watoto wa watu walale, kumbe... na leo asubuhi kaniachia kwenye trei, imefungwa selotepu pande zote asije mtu akaifungua, na kikaratasi chenye maneno mawili, hii kiboko, na yeye hajui, atajuaje, jina liko kwenye daftari la wodi, kwenye sahani jina haliandikwi, na mimi kifuniko sikukisoma, nikaibeba korido nzima huku naimba kimoyomoyo.

"Basi kila mmoja aniambie anachoona," nimesema, sauti imetoka, ajabu, sauti yangu haijui kitu, inaendelea na kazi, nao wanainama juu ya meza, vichwa vimegusana, na hata asiyejua kusoma angeisoma hii, viduara sita vya karatasi vimepangwa juu ya vimelea vya mgonjwa, kila karatasi imelowekwa dawa yake, dawa inayofanya kazi huzungukwa na uwazi, pasafi, kama ukutani palipotolewa picha ya siku nyingi, na dawa isiyofanya kazi vimelea huota mpaka ukingoni mwa karatasi, na hapa vimeota, vimepiga kambi, amoksilini kambi, septrini kambi, sipro kambi, jentamaisini kambi, seftriaksoni... seftriaksoni ndiyo mama anayochomwa wodini, kila siku saa sita mchana, leo ni siku ya nne, siku tatu amechomwa maji matupu, na saa ya ukutani inasema tano na dakika arobaini na moja, na jana jioni aliniita kwa jina la marehemu dada yake, akaniuliza kama nimeanua nguo, nikamjibu ndiyo, nimeanua, nikatoka nje nikawaambia ndugu zangu kwa simu kwamba ni homa tu, dawa nzuri ameshaanza, kaka akasema hatuna wasiwasi, wewe si ndiye Wizara ya Afya yetu, akacheka, nami nikacheka, nilicheka. "Karatasi ya sita ina uwazi," anasema yule kijana wa shati la mistari, anayejibu hata swali ambalo halijaulizwa, "hiyo ndiyo peke yake," na kweli, ya sita ina duara lake, safi, pana, Mungu wangu asante, ipo moja, nimelishukuru lile duara moyoni, ni dawa ya akiba, ile inayokaa stoo kwenye kabati la kufuli, haitoki bila fomu, na fomu yenyewe... fomu yenyewe iko ubaoni nyuma yangu, nimeichora mimi saa nzima iliyopita kwa chaki na rula, mistari mitano, leo tunajifunza kuijaza, mstari wa kwanza ugonjwa, wa pili majibu ya kuotesha vimelea, wa tatu dawa alizotumia mgonjwa miezi mitatu iliyopita na nani aliyempa, na huo mstari wa tatu ni wangu, niliupigania kwenye kamati ya dawa ya hospitali, mfamasia mkuu alisema utawaudhi watu, uache, nikapiga meza, nikasema bila mstari wa tatu fomu irudishwe, tunataka kujua nani anatuharibia dawa, wakakubali, wakanipigia makofi, na fomu zenye mstari wa tatu mtupu hurudishwa mpaka leo, mimi mwenyewe huzirudisha.

"Tumefika mstari wa tatu," anasema Shangazi, wanamwita hivyo kwa sababu amewazidi wote umri, alikuwa mhudumu wa wodi miaka kumi na miwili kabla ya kuja kusoma uuguzi, anakaa mbele, daftari lake limejalidiwa gazeti, "dawa tunaziona zilivyoshindwa, Mwalimu, lakini nani alimpa?" na shati la mistari amedakia, "Amenunua dukani, watu siku hizi wanakula antibayotiki kama pipi," na wengine wanaitikia, dukani, dukani, maskini muuza duka, kila muhula darasa hili linamsulubu muuza duka na mimi ndiye ninayewapa misumari, nimemchora ubaoni mara ngapi, na tumbo kubwa na kalamu sikioni, wakacheka mpaka machozi... sikumpima mama hata mkojo. Vijiti vya kupimia vilikuwa mkobani, kwenye mfuko wa pembeni, pamoja na lipstiki, vijiti vya kupima mkojo ninavyotembea navyo kama mtu anavyotembea na leso, mama alipiga simu akasema mwanangu inaniwaka nikienda haja ndogo, na mimi nilikuwa nasahihisha mitihani, nikafika kwake jioni na amoksilini mfukoni, nikamwambia usihangaike na foleni za hospitali, mimi nipo, siku ya tatu akasema nimepona, tumbo linanisokota, niache? Na mimi, Mama Dozi, ninayewafukuza watoto darasani kwa kusahau idadi ya siku, nikasema basi, acha, zilizobaki ziweke kabatini, zitakufaa siku nyingine. Zitakufaa siku nyingine! Nilisema kwa mdomo huu huu, nikiwa nimekaa kwenye kochi lake, nakunywa chai yake.

"Dukani hapana," anasema Shangazi, ametoa miwani, anaikunja, anaongea polepole namna ya mtu anayechambua mchele, "amoksilini dukani sawa, sipro sawa, hata mwenye kibanda anayo, lakini seftriaksoni ni ya kuchoma, sasa bibi wa miaka sabini na moja, nani anamchoma? Aende dukani alale juu ya kaunta achomwe? Mimi nimefagia wodi miaka kumi na miwili, nimeona chupa zinavyotoka wodini, zinatoka ndani ya mikoba ya wafanyakazi. Huyu bibi ana mtu." Darasa limeangua kicheko, ana mtu, ana mtu wake wa ndani, "Nyie chekeni," anasema Shangazi, "lakini aliyempa anajua dawa, angalieni, alianza na ndogo, ikashindwa, akapanda, ikashindwa, akapanda tena, asiyejua hapandi hivi, asiyejua huchanganya tu," nami nimekamatwa, mwanamke huyu ananisoma kutoka wodini hadi chumbani kwa mama bila kuinua macho kutoka kwenye sahani, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, wiki sita baadaye ikarudi nikampa sipro, kupanda, na wiki tatu zilizopita ikarudi na homa, nikapanda tena, nilivuta droo ya kitanda cha mgonjwa aliyeruhusiwa, zilikuwemo chupa tatu za seftriaksoni, amezilipia mwenyewe, akazisahau, nilipaswa kuzirudisha famasi na kusaini, nikaangalia mlangoni, nikazitia mkobani karibu na vile vijiti, nikasema moyoni haziibwi hizi, zinaokolewa, ala, nilivyokuwa na maneno matamu siku ile! Nikamchoma mama siku tatu chumbani kwake, pazia limeshushwa, akaniambia mkono wako mwepesi, sikusikia maumivu hata kidogo, na kwa jirani akajisifu, hospitali yangu nimeizaa mwenyewe, jirani akaniangalia kwa kijicho, na mimi nilipenda, hilo ndilo baya kuliko yote, si haraka, si foleni, nilipenda kushukuriwa, nilipenda kuingia pale na mkoba na kila mtu akanyamaza kama ameingia daktari mkuu, mimi ambaye hospitalini hakuna anayenyamaza nikiingia, ni mkufunzi tu wa vidonge.

"Mwalimu, si tunadhania tu?" anauliza binti wa kule dirishani, "sahani haiwezi kutuambia nani alimpa," na huo hapo mlango, umefunguliwa wazi, Mungu ambariki binti huyu, ni kupita tu, niseme umesema vizuri sana, sahani haisemi nani, vimelea sugu mtu anaweza kuvipata popote, hata kitandani hospitali, hata kwa wa nyumbani, tusimhukumu mtu bila ushahidi, na ni kweli, kila neno ni kweli, ningeweza kulitolea kitabu, na kengele italia, na nitapita wodini kwa mlango wa nyuma nimwambie daktari sahani inasema badilisha, naye atajaza fomu, atafika mstari wa tatu, ataandika kile nilichomwambia Jumatatu, hakuna... Ndiyo, hilo. Nilikuwa nalizunguka tangu mwanzo, nalipita pembeni namna mtu anavyompita anayemdai, sasa limesimama. Daktari wa wodi ya pili ni mwanafunzi wangu, nilimfundisha katika chumba hiki, alikaa pale alipokaa binti wa dirishani, na Jumatatu asubuhi alisimama kando ya kitanda cha mama na kalamu, akaniinamia kwa heshima, shikamoo Mwalimu, pole na mgonjwa, akauliza kwa maneno yangu, neno kwa neno, kama nilivyomkaririsha, mama ametumia dawa yoyote miezi mitatu iliyopita, ya kumeza au ya kuchoma, aliyopewa na mtu yeyote? Na mimi nikasema hapana. Haikuchukua hata muda wa kupumua. Nilimwona muuguzi amesimama na trei, nikamwona mgonjwa wa kitanda cha jirani ametega sikio, nikasema hapana, hajatumia kitu, na yeye hakuniuliza mara mbili, nilimfundisha kuuliza mara mbili, nilimwambia ndugu wa mgonjwa hudanganya kwa aibu, ulizeni mara mbili, lakini utamuulizaje mara mbili mwalimu wako, akaandika hakuna, akapiga mstari, akachagua seftriaksoni kwa sababu mgonjwa hajawahi kuiona, na angeambiwa kwamba aliichomwa wiki tatu zilizopita asingeigusa.

Na mama alikuwa macho. Bado kichwa chake kilikuwa chake siku ile, alisikia swali, alisikia jibu, akageuza uso kwenye mto akaniangalia, sikuweza kumtazama, nikajishughulisha na shuka, na daktari, mtoto mzuri, akamgeukia mwenyewe, bibi, ni kweli hujameza dawa wala kuchomwa sindano? Mama yangu, aliyenichapa nikiwa na miaka saba kwa uongo wa kijiko kimoja cha sukari, akanisimamisha uani nirudie mara kumi, nimeiba sukari, nimeiba sukari, mpaka majirani wakatoka, mama huyo akasema sijameza kitu, mwanangu, wala sijachomwa. Kwa sauti kavu kabisa. Akaufunga mkono wangu ndani ya mkono wake wa moto, moto wa homa, akaufinya mara moja, kunificha, mama yangu alinificha, alijiweka juu ya uongo wangu ili nisionekane, na tangu hapo amechomwa maji mara tatu na saa sita atachomwa ya nne, na jana ndipo akaanza kuniuliza habari za nguo zilizoanikwa.

"Mwalimu?" Dakika arobaini na nne. Wote wameinua vichwa, chaki imekatika mkononi, nusu iko sakafuni, hakuna anayeicheka, na Shangazi amerudisha miwani usoni, "Tuandike nani, Mwalimu?" anauliza, "maana fomu ikiwa tupu wewe huirudisha," na ni kweli huirudisha, jamani, nimerudisha fomu kumi na moja mwaka huu, nyuma ya kila fomu kulikuwa na mtu amelala anasubiri, na kila moja niliiandikia pembeni kwa wino mwekundu, nani alimpa?, nikaweka alama mbili za kuuliza, nikajiona nalinda dawa za taifa zima... watanitoa kwenye kamati, watanitoa, na zile chupa tatu wataziuliza, zilikuwa za mtu, zina jina lake, huo ni wizi na unaitwa hivyo hivyo, na mfamasia mkuu atakunja fomu polepole, hatasema kitu, yule mwanaume hasemi kitu ndiyo maana namwogopa, na daktari wangu atanitazama, siku tatu zimepotea mikononi mwake kwa sababu aliniamini, na kesho kwenye raundi ya madaktari wangemuuliza yeye, si mimi, wangemwambia hukuchukua historia vizuri, nani alikufundisha wewe, naye angeinama, anavyonijua asingenitaja, hata yeye angenificha, na huyo angekuwa wa pili, na ni watu wangapi nitawalaza juu ya uongo wangu mmoja, mama anatosha, mama ameshazidi. Na kaka atasema nini? Potelea mbali kaka. Aibu imenivaa tangu saa tano na dakika arobaini na moja, imenivaa kichwani hadi kisiginoni, na ajabu, bado nimesimama, miguu inanibeba, nilidhani siku nikiaibika hivi nitaanguka, na sijaanguka, saa inatembea, kuna duara moja safi kwenye sahani na lina dakika kumi na sita, haliwezi kutoka stoo kwa mstari mtupu, na kwa "hakuna" ya pili sitalitoa, kwa sababu kamati itasoma mgonjwa hajawahi kutumia kitu na sahani inasema ametumia kila kitu, watairudisha waulize, nimewafundisha mimi kurudisha.

Naokota nusu ya chaki. Nageukia ubao, mstari wa tatu, nilivyouchora umenyooka kupita yote, kwa rula, na mkono unaandika dawa kwanza, amoksilini, siku tatu, hakumaliza, sipro, siku tano, hakupimwa, seftriaksoni, siku tatu, nyumbani, nasikia nyuma yangu karatasi zinafunguliwa, wanaandika, mtu ananong'ona Mwalimu kazijuaje siku, mwingine anamjibu ni mfano tu, anatunga, andika, na mimi naifuta ile herufi iliyokaa vibaya kwa kidole, naiandika upya, "Aliyempa," nasema bila kugeuka, narudia kwa sauti niliyorudia nayo uani siku ile nikiwa na miaka saba, "aliyempa ni binti yake, mkufunzi, alijua anachofanya," na kalamu zinakwenda, binti yake, mkufunzi, wanaandika kila ninachosema, wamezoea, nikisema leo ni Jumapili wataandika Jumapili, kalamu thelathini na moja, nazisikia, moja imekaa kimya. Nageuka. Shangazi ameweka yake chini, juu ya gazeti la jalada, haniangalii kwa hasira wala kwa huruma, ananiangalia kama mhudumu anavyomwangalia mtu aliyefika mlangoni mwa wodi na hajui aelekee wapi, na darasa halijajua bado, linangoja mstari wa nne, saa inasema arobaini na sita, naye anasimama, anavaa viatu alivyokuwa amevivua chini ya dawati.

"Yuko kitanda namba ngapi, Mwalimu?"

"Cha nne," nasema, "cha dirishani. Wanachoma saa sita."